Namna ya Kupendekeza Filamu ya Makala na Kuijadili kwa Haki

Mtu anapoombwa apendekeze filamu ya makala, mara nyingi hujibu kwa kutaja mada: ipo moja nzuri kuhusu papa, nyingine kuhusu vita, nyingine kuhusu kesi ya mauaji. Jibu la namna hiyo halimfikishi mbali anayeuliza, kwa sababu mada moja huweza kutengenezewa filamu kumi, na kati ya hizo tisa zikawa za kuchosha. Kinachozitenganisha ni jinsi mwongozaji alivyoipata habari yake, alivyokaa na watu aliowapiga picha, na alivyopanga alichokipata. Anayependekeza vizuri huanzia hapo, na anayejadili vizuri humalizia hapo.

Kabla ya kutaja jina la filamu, tafuta ndani yake onyesho moja unaloweza kulieleza kwa maneno yako mwenyewe. Chukua mfano wa Honeyland, ya mwaka 2019, iliyopigwa katika kijiji kilichokwisha kuhamwa na karibu watu wote huko Macedonia Kaskazini. Ukisema kwamba inahusu ufugaji wa nyuki, utakuwa umesema kweli na papo hapo umemfukuza mtazamaji. Mweleze badala yake kwamba mwanamke mmoja anapita kwenye ukingo mwembamba wa jabali, anaondoa bamba la jiwe, na nyuma yake yanaonekana masega yaliyofunikwa na nyuki; kwamba mrina asali huyo huchukua nusu na kuwaachia nyuki nusu; na kwamba kanuni yake inajaribiwa pale familia yenye watoto wengi na ng'ombe inapohamia jirani naye na kuanza kutafuta asali ya kuuza. Ongeza kwamba hakuna msimulizi anayemwambia mtazamaji afikiri nini, kisha unyamaze. (Wale wanaosimulia mpaka mwisho kwa kisingizio kwamba mambo hayo yalitokea kweli, hivyo hakuna siri ya kuharibu, wanastahili kutazama peke yao.)

Baada ya onyesho, mpe mwenzako habari za kumsaidia kuamua: urefu wa filamu, uzito wake, na aina ya uvumilivu inayodai. Hili ni muhimu zaidi pale filamu mbili zinapogusa jambo moja kwa njia zisizofanana. Night and Fog ya Alain Resnais, iliyotoka mwaka 1956, inazungumzia kambi za mauaji za Wanazi kwa takriban dakika 32 tu, nayo inachanganya picha za rangi za kambi zilizoachwa tupu na picha za kumbukumbu zinazotisha sana. Shoah ya Claude Lanzmann, ya mwaka 1985, inachukua zaidi ya saa 9 na haitumii hata picha moja ya kumbukumbu; yote yamo katika mahojiano, katika nyuso, na katika mahali palipotokea maovu hayo jinsi palivyoonekana miaka mingi baadaye. Kumpendekezea mtu mojawapo bila kumwambia tofauti hiyo ni kumtuma safari bila kumweleza umbali. Kuhusu tuzo, zitaje ukipenda, lakini usizitegemee, maana hazimwambii mtu kama filamu itamfaa yeye.

Mjadala nao una mlango wake. Swali la kwanza la kuuliza, kabla ya kusema filamu ni nzuri au mbaya, ni hili: picha hizi zilipatikanaje? Swali hilo lina umri sawa na aina hii ya filamu. Katika Nanook of the North ya mwaka 1922, Robert Flaherty aliwaonyesha Wainuit wa kaskazini mwa Kanada wakiwinda kwa zana za kale, ingawa wakati huo walikwisha kuzoea bunduki. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook bali Allakariallak. Na nyumba ya barafu tunayoiona kwa ndani ilijengwa ikiwa wazi upande mmoja, kwa sababu kamera za siku hizo zilihitaji mwanga mwingi. Wapo wanaoiita filamu hiyo uongo mtupu, na wapo wanaoitetea kwa kila hali. Mimi naona makosa hayo hayana uzito mmoja. Kuukata ukuta wa barafu ili mwanga uingie ni ufundi wa kazi. Kuwaondolea watu bunduki zao ili waonekane wa kale kuliko walivyokuwa ni kumdanganya mtazamaji kuhusu maisha yao. Katika mjadala, tenganisha mambo ya namna hii badala ya kuyafunga katika furushi moja la uigizaji.

Uigizaji wenyewe si dhambi. Errol Morris, katika The Thin Blue Line ya mwaka 1988, aliigiza mara kadhaa tukio la kupigwa risasi askari polisi mmoja wa Dallas mwaka 1976, na kila mara mambo madogo madogo yalibadilika kufuatana na shahidi anayezungumza. Mtazamaji anajua wazi kwamba anaangalia maigizo, na kadiri yanavyorudiwa ndivyo anavyozidi kuona kwamba ushahidi huo haupatani. Randall Dale Adams, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa kosa hilo, kisha adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, aliachiwa mwaka 1989 baada ya filamu kuifumua kesi yake. Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza ni maswali mawili: je, mtazamaji anajua kwamba hiki kimeigizwa, na je, uigizaji huo unamsaidia kuona jambo au unamfichia?

Swali la pili la mjadala linahusu watu waliopigwa picha, na hapa ndipo watazamaji wengi hupita haraka mno. Filamu inaweza kuwa sahihi katika kila jambo na bado ikamtumia mtu vibaya. Tazama namna Werner Herzog alivyofanya katika Grizzly Man, ya mwaka 2005, inayomhusu Timothy Treadwell, aliyeuawa na dubu huko Alaska mwaka 2003 pamoja na mwenzake. Ilikuwepo kanda ya sauti iliyonasa mauaji hayo. Herzog anaisikiliza kwa vipokea sauti mbele ya mwanamke aliyekuwa rafiki wa Treadwell. Kamera imekaa nyuma ya Herzog, hivyo tunachokiona vizuri ni uso wa mwanamke huyo akimtazama anavyosikiliza. Kisha Herzog anaomba izimwe, anamshauri mwanamke huyo asiisikilize kamwe, na sisi hatusikii chochote. Wapo watakaosema kwamba hata kutuonyesha kwamba kanda ipo ni namna ya kututamanisha, na hoja yao ina nguvu. Mimi bado naliona onyesho hilo kuwa funzo bora la namna ya kumheshimu marehemu bila kulikwepa lililompata, na ningependa kumsikia anayepinga akieleza angelifanya nini yeye.

Muda nao uhesabiwe. Hoop Dreams, ya mwaka 1994, iliwafuata kwa miaka mitano hivi vijana wawili wa Chicago wenye ndoto ya kucheza mpira wa kikapu, na kutokana na takriban saa 250 za picha ikabaki filamu ya chini ya saa 3. Nguvu yake imetokana na subira hiyo: hakuna mwandishi ambaye angeweza kupanga mapema lini goti la mmoja litaumia.

Kosa linaloharibu mijadala mingi kuliko yote ni kuisifu filamu kwa sababu tunakubaliana na upande wake. Super Size Me ya mwaka 2004, ambamo Morgan Spurlock alikula chakula cha McDonald's pekee kwa siku 30, ilipokelewa na wengi kama ushahidi wa kisayansi, na madaktari ndani ya filamu wanaonekana kushangazwa na hali ya ini lake. Mwaka 2017 mwenyewe aliandika hadharani kwamba alikuwa mnywaji wa pombe kwa miaka mingi. Hilo haliigeuzi chipsi kuwa dawa, lakini linaondoa sehemu kubwa ya uzito wa jaribio lile. Unapoitetea filamu unayoipenda, jiulize kama ungeikubali mbinu hiyo hiyo ikitumiwa na mtu wa upande usioupenda. Ukisita, sema hivyo mbele ya wenzako.

Mjadala ukikwama, rudini kwenye filamu yenyewe. Chagueni dakika 5 zinazobishaniwa, mzitazame mara ya kwanza kama zilivyo na mara ya pili bila sauti. Muziki ukiondoka, itajulikana mara moja kama huzuni ilikuwa kwenye uso wa mhusika au kwenye vinanda, na kila mmoja ataweza kuonyesha kwa kidole kile anachokisema.