Kabla ya kuchanja samaki, angalia vimelea kwanza

Chanjo ikipewa samaki wenye vimelea vingi, mara nyingi haishiki vizuri. Vimelea havinyonyi tu, vinazima ulinzi. Mate ya chawa wa samoni, kwa mfano, yana prostaglandini E2, kemikali inayotuliza uvimbe pale alipojishika, hivyo seli za kinga hazifiki kwa wingi. Juu ya hapo, usumbufu wa muda mrefu hupandisha kortisoli, homoni ya msongo, na kortisoli hupunguza limfosaiti, seli zilezile ambazo chanjo inazitegemea.

Kwa sato, kwangua ute kidogo nyuma ya pezi la kifuani, kata pia ncha ya shavu analopumulia, weka juu ya kioo pamoja na tone la maji ya bwawa (si ya bomba, klorini huua vimelea kabla hujaviona), kisha tazama kwa hadubini, ukuzaji wa mara 40 hadi 100. Trikodina, kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, huzunguka kama gurudumu.

Ukizikuta, waogeshe kwa chumvi gramu 10 kwa lita, dakika zisizozidi 30, hewa ikipulizwa. Samaki akilala ubavu, mtoe mara moja. Ugonjwa wa madoa meupe hautaisha kwa kuogesha mara moja, maana kimelea chake hujificha chini ya ngozi. Chanjo isubiri mpaka ukwanguaji utoke safi.