Dar es Salaam hadi Muscat: kupiga hesabu ya umbali na saa za ndege

Mwaka jana nilimkatia shangazi yangu tiketi ya kwenda kumwona mwanawe Muscat. Hesabu ya umbali haikunisumbua. Saa ndizo zilizotugharimu.

Hatua ya 1: Umbali. Fungua kikokotoo chochote cha umbali wa anga, uingize herufi tatu za kila kiwanja: DAR na MCT. Mimi siandiki majina ya miji kamwe, maana programu nyingine hukupa njia ya barabara. Utapata kama kilomita 3,970.

Hatua ya 2: Muda wa angani. Gawanya kwa 850, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa. Ni saa 4 na dakika 40. Ongeza dakika 45 za kuzunguka uwanjani, kupaa na kushuka: saa 5 na dakika 25 hivi, kama ndege haitui popote njiani.

Hatua ya 3: Kusoma tiketi. Hapa usiwe na haraka.

Kwanza, kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Muscat imetangulia Dar kwa saa 1 mwaka mzima, kwani nchi zote mbili hazibadilishi saa kwa majira. Ukiona kuondoka 04:30 na kufika 11:00, usiseme safari ni saa 6 na nusu; toa 1, ibaki 5 na nusu. Wakati wa kurudi unaongeza: kutoka Muscat 22:00, kufika Dar 02:30, si saa 4 na nusu bali 5 na nusu.

Pili, geuza saa ziwe za Kiswahili kwa karatasi na kalamu, usitegemee kichwa. 04:30 ni saa kumi na nusu alfajiri.

Tatu, na hili ndilo lililotuumiza: saa zinazoanza na 00. Tiketi ya shangazi iliandikwa Jumamosi, 00:40. Nikamwambia, "Shangazi, ni Jumamosi usiku, saa sita na dakika arobaini." Jumamosi jioni tukafika uwanjani na sanduku lake lililofungwa kamba, na kikapu cha embe dodo. Kijana wa kaunta akazungushia zile 00:40 kwa kalamu: ndege iliondoka usiku uliotangulia. Shangazi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani usiku wa Jumamosi si ule wa kuamkia Jumamosi?" Ndivyo wazee wa pwani wanavyohesabu, siku inaanza jua likizama, na kwa tiketi hiyo yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tulinunua tiketi nyingine.

Kwa hiyo ukiona 00, 01 au 02, mwandikie msafiri hivi: "Uwe uwanjani Ijumaa, saa tatu na nusu usiku." Mtajie siku ya kutoka nyumbani, si tarehe ya ndege. Kisha mpigie simu, akusomee alichokiandika.