Wembe wa babu wenye pengo: jinsi ya kuurudishia makali

Wembe nilioletewa wiki jana ulikuwa wa kukunja, wa Sheffield, Uingereza, chapa yake bado inasomeka. Kijana aliutoa kwenye sanduku la babu yake huko Kibokoni, Mombasa, umeviringwa kwa kipande cha kikoi. Katikati ya makali palikuwa na pengo la milimita moja hivi, kama limeng'atwa na panya. "Fundi, utaliziba?" Pengo la wembe halizibwi. Unauteremsha ukingo wote mpaka ufikie kina cha pengo, kisha unaanza kunoa upya.

Kwanza kagua. Azima lenzi ya fundi saa, utazame mwangani kama pana ufa unaotoka penye pengo kupanda kuelekea mgongoni. Ukiuona, achana nao. Pengo likizidi milimita mbili, mimi humwambia mwenyewe akauweke kama kumbukumbu tu.

Kutu, kwa hewa yetu ya chumvi, haikosekani. Paka mafuta ya cherehani, usugue kwa msasa laini wa maji, mkono ukitoka mgongoni kwenda kwenye makali. Ukirudi kinyume utajikata. Pangusa kwa spiriti. Usiuchemshe, mpini wa pembe utapinda.

Bandika mgongoni tepu nyeusi ya fundi umeme, safu moja. Mgongo ndio unaoshika pembe ya kunoa, na bila tepu utalika pamoja na makali. Ikichakaa badilisha, lakini ibaki safu moja mpaka mwisho, la sivyo pembe inabadilika na kazi yote ya nyuma inapotea.

Sasa hatua inayowatisha watu. Lowesha kinoo namba 1000 (namba ikipanda, kinoo ni laini zaidi), kiwe kimesawazishwa kwa msasa juu ya kioo. Simamisha wembe wima, makali chini, kama unayetaka kukikata kinoo chenyewe. Uvute taratibu, bila kukandamiza, ukikagua kila baada ya mivuto kumi. Ndiyo, unayaua makali. Endelea hadi pengo lipotee, usipitilize hata mvuto mmoja.

Usijaribu grainda. Niliwahi, ujanani, nikiwa na haraka ya Idi. Chuma kiligeuka manjano ya samli, kikawa zambarau, kikaishia buluu kabla sijauondoa mkono. Wembe ule haukukaa makali tena: joto lilikuwa limeulainisha.

Baada ya hapo ukiutazama ukingo kwa juu, chini ya taa, utaona uzi mweupe unaong'aa. Huo ni ubapa, na kazi yako ni kuumaliza. Laza wembe, mgongo na makali vikigusa kinoo pamoja, uusukume makali yakitangulia, kimshazari kutoka kisiginoni, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, hadi nchani. Ugeuze, urudi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: uzi ukipotea katikati wanahamia kinoo laini, na kumbe kisiginoni bado upo. Paka ukingo wino wa kalamu isiyofutika, pitisha mara tano. Wino ukibaki mahali, hapo kinoo hakijafika. Wembe wa Kibokoni ulinichukua karibu saa mbili kwenye 1000 peke yake, na nilipumzika mara mbili, maana mkono ukichoka unaanza kukandamiza.

Ukishakata nywele za mkono bila kuvuta, urefu wote wa makali, ndipo uende namba 4000, halafu 8000. Huko ni kufuta mikwaruzo ya kinoo kilichotangulia. Mkono uwe mwepesi kabisa, maji mengi, dakika kumi na tano kila kimoja zinatosha.

Ondoa tepu. Malizia kwenye ukanda wa ngozi ulionyooshwa, na hapa mwendo unageuka: mgongo ndio unaotangulia. Ukifika mwisho pindua wembe juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali, utakata ngozi na kuyalaza makali. Hamsini kwenda na kurudi.

Wembe huu uwe wa mtu mmoja tu, wateja wangu huwanyoa kwa nyembe za kutupa. Na baada ya kunyoa, ukaushe, upake tone la mafuta ya cherehani, uuweke kabatini. Bafuni kwa hapa Mombasa siku mbili tu, na kutu ishaanza kutafuna ukingo.