Somo: Jinsi Seli B Zinavyobuni na Kunoa Kingamwili

Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000, ilhali kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika vimelea, anazoweza kuunda ni za mamilioni ya aina. Hesabu hiyo haikai sawa mpaka tukubali kwamba seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, hukata na kuunga upya DNA yake yenyewe, jambo ambalo Susumu Tonegawa alilithibitisha mwaka 1976 akiwa Basel, Uswisi, na kutunukiwa Nobel mwaka 1987.

Hatua ya 1: Kuunga vipande. Ndani ya uboho, vimeng'enya RAG1 na RAG2 huteua vipande vya DNA vya aina tatu, ziitwazo V, D na J: kimoja kati ya V takriban 40, kimoja kati ya D 23 na kimoja kati ya J 6, kisha vipande hivyo huungwa kuwa jeni ya mnyororo mzito, mmoja wa minyororo ya aina mbili (mzito na mwepesi) inayounda kingamwili. Mnyororo mwepesi hutengenezwa kwa V na J tu. Kwenye maungio huongezwa herufi chache za DNA ambazo hazikunakiliwa kutoka popote, na hapo ndipo utofauti unapopanuka kuliko kwingine. Haya yote hutokea kabla seli haijakutana na kimelea chochote.

Hatua ya 2: Kukutana na antijeni. Seli ambayo kipokezi chake (kingamwili yake iliyo juu ya seli) kimeshikana na antijeni, yaani kitu kigeni kama kipande cha kimelea, hata kwa ulegevu, huamshwa ndani ya tezi za limfu au wengu, na ikisaidiwa na seli T, chembe nyingine za kinga, huanza kugawanyika.

Hatua ya 3: Kukosea kwa makusudi. Baadhi ya seli hizo hukusanyika katika vituo chipukizi, ambavyo huchangia uvimbe wa tezi tunaoupapasa shingoni mtu anapougua. Humo hufanya kazi kimeng'enya AID, kilichotambuliwa na maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto mwaka 1999 (jina hili halihusiani kwa vyovyote na UKIMWI). AID hugeuza sitosini (herufi C ya DNA) kuwa urasili, herufi isiyostahili kuwamo katika DNA, na ukarabati unaofuata hufanywa kwa uzembe unaoacha mabadiliko ya kudumu. Kasi yake ni takriban badiliko moja kwa kila herufi 1,000 katika kila mgawanyiko, yaani karibu mara milioni ya kawaida.

Hatua ya 4: Mchujo. Hapa wanafunzi wengi hupotea, wakidhani kwamba seli inajua badiliko lipi linahitajika. Haijui. Mabadiliko mengi hayasaidii kitu, mengine huharibu kabisa. Kituo chipukizi kina kanda mbili, ya giza ambamo seli hubadilika na ya mwanga ambamo huchujwa. Seli huhamia ukanda wa mwanga, hung'oa antijeni iliyoshikiliwa na seli za dendritiki za folikuli, na kuionyesha kwa seli T saidizi. Iliyong'oa nyingi hupewa ishara ya kuishi na kurudi ukanda wa giza kubadilika tena, na iliyoambulia kidogo hufa.

Hatua ya 5: Kubadili daraja. AID hiyohiyo huwezesha seli kuacha daraja la kwanza la kingamwili, IgM, na kutoa madaraja mengine, IgG, IgA au IgE, bila kugusa sehemu inayoshika antijeni. Nimeiweka mwisho kwa urahisi wa kufundisha tu, kwani mara nyingi hutokea mapema, hata kabla ya vituo chipukizi kukomaa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, herufi B inatokana na uboho (kwa Kiingereza “bone marrow”)?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Inatokana na bursa ya Fabricius, kifuko kilicho karibu na tundu la haja la kuku, ambamo seli hizi zilitambuliwa kwanza. Kuku ana V chache mno zinazofanya kazi, kwa hiyo hunakili vipande kutoka jeni jirani zilizokufa. Nako AID inahitajika.

Swali: Kwa nini mtoto hurudishwa kliniki kwa chanjo ya pepopunda akiwa na wiki 6, 10 na 14?
Jibu: Kila dozi huziamsha tena seli za kumbukumbu zilizokwisha kuchujwa, na baadhi huingia katika mchujo mwingine, hivyo kingamwili huongezeka kwa wingi na kwa nguvu ya kushika.

Swali: AID haiwezi kukata mahali pasipofaa?
Jibu: Inaweza. Katika saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Kampala, jeni MYC, inayochochea seli kugawanyika, ya kromosomu 8 kwa kawaida huwa imehamia kwenye jeni za mnyororo mzito, kromosomu 14, na AID ndiyo inayoshukiwa kukata. Virusi vya Epstein-Barr huchangia, na malaria ya mara kwa mara huviweka vituo chipukizi kazini muda mrefu, AID ikiendelea kukata.