Jinsi ya kuandikisha wafanyakazi wa tukio kwa msimbo wa QR, kuanzia fomu ya maombi hadi malipo

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa watu: yule anayepigiwa simu Jumanne kwamba Jumamosi kuna harusi ya wageni 600, alete wahudumu 40, mabaunsa 12, mafundi wa maturubai na watu wa usafi. Mgeni mwalikwa ana kadi yake, na ukimkosea atakulalamikia hapo hapo mlangoni. Kibarua ukimkosea, utajua siku ya malipo.

Tuliotumia daftari tunajua shida yake. Watu 40 wanashuka kwenye daladala kwa mkupuo, kalamu ni moja, na kufika usiku wa manane hakuna anayekumbuka nani aliondoka saa ngapi. Msimbo wa QR unamaliza foleni hiyo kwa dakika chache, ila kazi kubwa hufanyika kabla ya siku yenyewe.

Kwanza: kila mtu aombe mwenyewe

Tengeneza fomu kwenye Google Forms na uitupe kwenye kundi la WhatsApp siku nne au tano kabla. Uliza mambo machache: jina, kazi anayokuja kufanya, zamu, namba ya simu ya kupokelea malipo, na jina lililosajiliwa kwenye laini hiyo. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Nusu ya vijana wanapokelea pesa kwenye laini ya dada au ya mama, na jina likija tofauti wakati wa kutuma, unasimama na kuanza kupiga simu upya.

Zamu usiwaachie waandike saa. Ukiweka kisanduku cha muda, aliyeambiwa saa mbili usiku atachagua 02:00, na fomu itamhesabu kuwa ni mtu wa alfajiri. Andika machaguo kwa maneno: "Zamu ya jioni, saa kumi jioni hadi saa sita usiku." Achague, basi.

Picha ya uso unaihitaji, lakini usiiombe ndani ya fomu. Kupakia faili kwenye Google Forms kunamtaka mtu awe ameingia kwenye akaunti ya Google, na wengi hawakumbuki nywila zao. Waambie wakutumie kwa WhatsApp, au piga mwenyewe siku ya maelekezo.

Majina, namba na picha ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama kampuni yako haijajisajili, anzia huko kabla ya kugusa fomu. Juu ya fomu andika sentensi mbili: taarifa hizi ni za nini, nani ataziona, na zitafutwa lini. Kwa walioko Kenya, sheria ni ya mwaka 2019 na ofisi husika ni ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Pili: funga orodha, gawa namba

Siku mbili kabla, funga fomu. Atakayekuja baada ya hapo ataingia kwa idhini yako, si kwa kujuana na mlinzi. Majibu yakiwa kwenye Google Sheets, ongeza safu ya kwanza na umpe kila mtu namba fupi: W-014 kwa mhudumu, B-003 kwa baunsa.

Ndani ya msimbo weka namba hiyo peke yake. Nimeona vitambulisho vilivyobeba jina, simu na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), eti "ili vikamilike". Msimbo wa QR si siri. Simu yoyote inausoma. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Umemvisha binti wa watu tarehe yake ya kuzaliwa shingoni, azungushe nayo sahani ukumbi mzima.

Tatu: tengeneza misimbo

Kama namba ziko safu ya A kuanzia mstari wa pili, bandika fomula hii kwenye safu iliyo wazi kisha uivute hadi chini:

=IMAGE("https://quickchart.io/qr?ecLevel=H&size=300&text="&A2)

Misimbo yote itajichora. Kumbuka kwamba hapo namba inatumwa kwenye seva ya nje ili picha irudi, sababu nyingine ya kutoweka humo kitu zaidi ya W-014.

Herufi H kwenye fomula ni kiwango cha juu cha kuvumilia uharibifu: msimbo unasomeka hata takriban asilimia 30 yake ikiwa imeharibika. Denso Wave ya Japani iliubuni mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, mahali pa mafuta na uchafu, kwa hiyo tone la mchuzi wa biriani haliutishi. Kinachouua ni kukatwa kingo. Acha ukingo mweupe pande zote, upana wa miraba midogo minne ya msimbo wenyewe, na uchape usipungue sentimita tatu.

Nne: kitambulisho

Picha ya uso iwe kubwa kuliko msimbo. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuona aibu. Tulituma misimbo kwa WhatsApp, kila mtu aje nayo kwenye simu, tuokoe gharama ya kuchapa. Saa moja jioni namba ya mhudumu mmoja ilikuwa imeingia mara tatu. Kijana wa langoni alisikia mlio wa "tit", akasema pita, na mwingine "tit", pita. Skrinshoti ilikuwa imezunguka kwa binamu wawili. Mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Hakuna aliyemwambia kijana atazame uso.

Tangu siku hiyo nachapa, naweka picha, na vitambulisho navigawa mwenyewe langoni, sivitumi nyumbani. Ukivipeleka kwenye laminesheni, jaribu kimoja chini ya taa kwanza. Plastiki inayong'aa inarudisha mwanga wa tochi na kamera haioni kitu. Kitambulisho kiinamishwe kidogo, usikimulike moja kwa moja.

Tano: langoni

Tafuta programu ya kuskani inayofanya kazi bila intaneti, inayotunza historia yenye tarehe na saa, na inayoweza kuitoa historia hiyo kama faili la CSV, yaani faili la maandishi linalofunguka kwenye jedwali. Ziko nyingi za bure. Kisha fungua mipangilio uone kama inaruhusu marudio. Nyingine zinameza msimbo uliokwisha kusomwa, na hilo litakufichia yule binamu.

Tumia simu mbili, na nyuma ya kila moja bandika karatasi: KUINGIA, KUTOKA. Simu moja kwa kazi zote mbili huleta mkanganyiko usiotatulika saa saba usiku. Pawabenki iwepo. Orodha iliyochapwa nayo iwepo, kwa ajili ya aliyepoteza kitambulisho na kwa ajili ya simu itakayoanguka kwenye ndoo.

Kila mtu askaniwe mara mbili tu, anapofika na anapoondoka. Akitoka kufuata barafu, uso na kitambulisho vinatosha. Ukitaka kuskani kila mzunguko, foleni unayoikimbia itarudi na mistari ya jedwali haitahesabika.

Sita: kuondoka na malipo

Kuskani wanaoondoka ndiko kugumu, maana kila mtu amechoka na gari la mwisho linapiga honi. Dawa ninayoiamini: kitambulisho kirudishwe langoni, na asiyeskaniwa kutoka hesabu yake isubiri hadi kesho.

Saa hizo zina uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya ujira kwa kila saa. Harusi zetu karibu zote zinaangukia humo.

Kabla ya kuingiza mafaili mawili kwenye jedwali, nenda kwanza kwenye mipangilio yake uhakikishe ukanda wa saa ni GMT+3 na tarehe zinaanza na siku, si mwezi. Halafu yaingize, na utumie COUNTIF, fomula inayohesabu namba imetokea mara ngapi, kwenye faili la kuingia: namba inayotokea zaidi ya mara moja ni msimbo ulionakiliwa au kidole kilichobonyeza mara mbili. Tazama muda. Zikiachana sekunde tatu, ni kidole. Kwa kila namba chukua muda wa kwanza wa kuingia na wa mwisho wa kutoka, toa saa ya mapumziko, zidisha kwa ujira wa saa.

Atakayebisha, na yupo kila mara, mwite karibu umwoneshe mistari yake miwili kwenye skrini: 15:52, 01:17. Msomee kwa saa zetu: umeingia saa kumi kasoro dakika nane, umetoka saa saba na dakika kumi na saba. Malipo yakishakamilika na muda wa malalamiko ukipita, futa picha za nyuso kwenye simu na kwenye WhatsApp kama ulivyoahidi juu ya fomu.