Jinsi ya kupeleka familia kwenye shoo ya kantri kipindi cha Majilio bila kuvuruga mambo ya nyumbani

Kama nyumbani kwenu watu wanapenda kantri, ule muziki wa country wa Marekani, na kila mwaka mnasema mwaka huu lazima twende shoo ya Krismasi, alafu inafika tarehe 20 hamjaenda popote, mara nyingi tatizo sio hela peke yake. Ni kwamba shoo inawekwa pembeni, tutaenda ikipatikana nafasi, na Desemba haina nafasi. Dawa yake ni kuipa shoo siku yake ndani ya Majilio kabisa, zile wiki za kungoja Krismasi, iwe na wiki yake kama vile kila mshumaa wa Majilio ulivyo na Jumapili yake. Ukifanya ivo watoto wanaanza kuingoja, na kungoja ndo kazi yenyewe ya Majilio.

Anza na kalenda kabla hujaangalia tiketi. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, kwa iyo inaangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na kipindi chote kinaweza kuwa na siku 22 au kufika 28 kutegemea Krismasi imeangukia siku gani. Mwaka 2026 Jumapili zenyewe ni 29 Novemba, 6, 13 na 20 Desemba. Mi ningeiweka shoo wiki ya tatu, na sibadilishi mawazo. Wiki ya kwanza bado mnatafuta mishumaa iko wapi na nani alihifadhi kisanduku cha mapambo, wiki ya nne kuna safari na wageni na mtu mzima yeyote akiguswa kidogo tu analipuka. Ya tatu ndo Jumapili ya Furaha, makanisa mengi padri anaacha zambarau ya Majilio anavaa pinki, na kwenye shada, lile duara lenye mishumaa minne ya Jumapili za Majilio, unawashwa mshumaa wa pinki. Yaani kanisa lenyewe limesema hapa katikati legezeni kidogo. Kama shada lenu lina mishumaa ya rangi moja hakuna neno, wiki ni ileile.

Sasa tiketi. Soma vizuri ni shoo ya aina gani, manake kuna shoo ya Krismasi yenyewe ambayo msanii anaimba nyimbo za sikukuu usiku mzima, na kuna shoo ya kawaida ya ziara yake ambayo imeangukia tu Desemba na pengine ataimba wimbo mmoja wa Krismasi mwishoni au asiimbe kabisa. Zote nzuri lakini ukiwaahidi bibi na wajukuu Krismasi alafu wakasikia masaa mawili ya kuachwa na mke na kunywa baa, hiyo kesi utaijibu mpaka Pasaka. Angalia pia umri unaoruhusiwa, kama kuna viti au watu wanasimama, na kuanzia saa ngapi kweli, coz muda ulioandikwa mara nyingi ni wa milango kufunguliwa au wa msanii wa utangulizi. Ukiwa na mtoto mdogo msanii wa utangulizi unaweza kumruka bila dhambi.

Viti chukua vya pembeni mwa safu, karibu na njia, sio karibu na spika. Na hapa kwenye sauti usifanye mchezo. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa masaa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatika nusu, kwa iyo ukifika desibeli 100, ambazo kwenye shoo ni za kawaida kabisa, umebaki na kama dakika 15 tu. Watoto wavae zile hedifoni kubwa za kuzuia kelele, watu wazima waweke vile vidude laini vya masikioni. Mvalishe mtoto hedifoni nyumbani siku kadhaa kabla, azoee, asije akazivua kwenye wimbo wa kwanza na kuzigomea.

Wiki mbili za kwanza za Majilio tumieni kujiandaa, na hii ndo sehemu tamu kuliko shoo yenyewe ukiniuliza mimi. Mkishawasha mshumaa jioni na kusoma somo, sikilizeni wimbo mmoja wa msanii mnayeenda kumwona. Mmoja tu. Mkubwa wa nyumba achague leo, kesho mdogo kabisa, na zamu izunguke ivo ivo hata kama mtu anachagua uleule mara nne. Mashairi yapitie mwenyewe kwanza, kantri ina pombe nyingi na talaka nyingi. Siku ya shoo ikifika hata mtoto wa miaka mitano anajua viitikio vitatu vinne, na mtoto anayejua kiitikio halali shoo.

Kati ya nyimbo wape na hadithi kidogo, zipo nzuri za kweli. Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville kilichoisambaza kantri Marekani nzima, kilianza Jumamosi tarehe 28 Novemba 1925, yaani mkesha wa Jumapili ya kwanza ya Majilio ya mwaka huo. Na ukumbi wa Ryman wa hapo hapo Nashville, ambako Opry ilikaa kuanzia 1943 mpaka 1974, ulijengwa kwa ajili ya mahubiri, ukafunguliwa 1892, na mpaka leo watu wanakaa kwenye mabenchi ya mbao kama ya kanisani. Wimbo wa Krismasi wa Rudolph, yule kulungu wa pua nyekundu, uliovuma 1949 uliimbwa na Gene Autry, kauboi wa kwenye sinema. Mwimbaji Brenda Lee alipoingia studio hapo Nashville 1958 kurekodi wimbo wake wa Krismasi unaochezwa mpaka leo, Rockin' Around the Christmas Tree, alikuwa na miaka 13, na ulikuja kushika namba moja Marekani Desemba 2023, miaka 65 baadae. Mwambie binti yako wa miaka 13 anayesema mambo ya familia yanaboa. Anaweza asiseme kitu ila atausikiliza.

Tiketi yenyewe ifiche kwenye kalenda ya Majilio. Kama mna ile ya vidirisha, kimoja cha kufungua kila siku ya Desemba mpaka Krismasi, weka kikaratasi kwenye dirisha la tarehe 6, siku ya Mtakatifu Nikolasi, kimeandikwa tunaenda wapi na lini. Usiwaambie kabla, nyimbo za msanii wazisikilize tu bila kujua kwa nini. Kuanzia hapo wahesabu wenyewe. Hata shada la mishumaa lilianza kwa ajili ya watoto wanaohesabu: mchungaji Johann Hinrich Wichern huko Hamburg mwaka 1839 alikuwa analea watoto maskini waliokuwa wanamuuliza kila siku Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa midogo ya siku za wiki na mikubwa 4 ya Jumapili.

Siku yenyewe, washeni mishumaa kabla ya kutoka. Hata kama mmechelewa, hata kama mmoja anatafuta kiatu, dakika mbili tu, mshumaa, sala fupi, mzime, mtoke. Na hakikisha kweli mmezima. Nimeona familia zinasema tutawasha tukirudi na mkirudi ni saa sita usiku na nusu ya watu wamebebwa mabegani, hakuna anayewasha kitu. Ukiruka mshumaa siku ya shoo, mwaka kesho shoo na mshumaa vitakuwa vinagombana, na shoo ndo itashinda.

Vitu vya kubeba sio vingi: simu imejaa chaji na tiketi zimepigwa skrinshoti manake mtandao mlangoni huwa unakufa, mkoba mdogo kwa sababu kumbi nyingi hazipokei mikubwa, sweta la kila mtoto, na namba yako ya simu imeandikwa kwa peni mkononi mwa mdogo. Mkifika tu mkubaliane mahali pa kukutana mtu akipotea. Kofia za kikauboi vaeni, raha yake ndo hiyo, lakini taa zikizimwa zishuke magotini, wa nyuma naye amelipa. Buti mpya acha. Na kuhusu tisheti zinazouzwa mlangoni, maneno yaishie nyumbani kabla ya kutoka, tutanunua au hatununui, sio kuanza kubembelezana pale foleni inakusukuma.

Mkishakaa mwonyeshe mtoto gitaa la stili liko wapi. Mpigaji wake amekaa, kifaa kiko mbele yake kama kimeza chembamba chenye miguu, nyuzi mara nyingi 10, mkono wa kushoto umeshika kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi, kulia anadonoa, miguu inakanyaga pedali na magoti yanasukuma vishikio chini. Sauti ile inayolia na kupanda taratibu inatoka hapo. Mtoto akishajua anaangalia wapi, anamfuata yule mtu usiku mzima na mwimbaji anasahaulika. Fidla na banjo atazipata mwenyewe.

Kuondoka amueni mapema na anayeendesha. Mkitoka wakati wa wimbo wa kabla ya mwisho mnaikwepa foleni ya magari, ila msanii wa Krismasi huwa anaficha ule wimbo mnaoutaka mwishoni kabisa. Mwenye watoto wadogo atoke, wakubwa wabaki, nyie mnajuana.

Kama hela ya tiketi haipo mwaka huu, utaratibu haubadiliki. Wiki ya tatu ileile, Jumamosi usiku, sebule ndo ukumbi, taa zizimwe, kila mtu aimbe mmoja, na Opry bado inarushwa na WSM, redio ya Nashville, na unaipata kwenye intaneti, angalia tu tofauti ya masaa. Mtengenezeeni kila mmoja tiketi ya karatasi yenye namba ya kiti, watoto wanaichukulia serious kweli.

Siku inayofuata printi picha moja. Moja, sio albamu. Nyuma yake andika tarehe, nani alienda, wimbo uliowagusa zaidi, na neno moja la kila mtu, alafu toboa kitundu itundikwe kwenye mti. Mwakani zikitolewa kwenye kisanduku na mapambo mengine zisomwe kwa sauti kabla ya kutundikwa. Na mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia ratiba za wasanii kuanzia Septemba, ikiwezekana yule kijana anayelalamika sana, mpe na mamlaka ya kuchagua msanii kabisa, mradi iwe wiki ya tatu.