Kutembea na kutazama ndege kando ya mto Lufira: mwongozo kwa wakaaji wa Lubumbashi

Barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, yenye urefu wa takriban kilomita 120, inapita Kapolowe-Gare, na hapo ndipo msafiri anapoiacha ili kuelekea mto Lufira na ziwa Tshangalele. Ziwa hili si la asili. Lilitokea baada ya mto kuzibwa kwa bwawa la Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi, na kwa kuwa maji yalitanda juu ya tambarare, sehemu kubwa haina kina, nayo matete yameota ambamo ndege hujificha, hula na kutaga. Mwaka 1982 UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya bayosfia, yaani eneo ambamo watu wanaendelea kuishi, kulima na kuvua. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ukifika ni kwenda kwa chifu wa kijiji, kujitambulisha, kuonyesha karata yako ya uchaguzi na kueleza shughuli yako, kwa kuwa mgeni mwenye darubini asiyejitambulisha huzua maswali. Mwombe akupatie mvuvi wa kukuongoza, na mkubaliane malipo kabla ya kuingia mtumbwini.

Uchaguzi wa majira ndio unaoamua utaona nini. Kuanzia Mei hadi Septemba njia ni kavu na maji yakipungua huacha matope wazi, ambapo yangeyange na kwarara hutafuta chakula bila kujificha. Hata hivyo asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, na kuelekea mwisho wa kiangazi moshi wa mioto ya nyasi hufifisha kila kitu. Mvua zinapoanza, keremkerem na mbayuwayu kutoka Ulaya huwa wamewasili. Mimi ningechagua Februari au Machi, licha ya tope, kwa ajili ya ndege mmoja anayezaa wakati huo: mnana wa Lufira.

Mnana huyu alikusanywa kwa mara ya kwanza hapa mwaka 1960, lakini wataalamu hawakumpa jina la kisayansi, Ploceus ruweti, hadi 1982, na picha yake ya kwanza ilipigwa 2009. Dume wa majira ya kuzaa ana uso mweusi na kifua chenye wekundu wa kahawia. Nje ya majira hayo minana wengi hufanana, hivyo usiharakishe kumtaja. Tazama kwanza kichwa, kifua, mdomo na umbo la kiota, uandike, ndipo ufungue kitabu. Usisogelee viota vilivyoning'inia juu ya maji, kwa maana mama akikimbia, makinda hubaki juani.

Uwe ukingoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako, na usimame kimya kwa dakika kadhaa kabla ya kupiga hatua. Sikiliza kabla ya kutazama: furukombe husikika kabla ya kuonekana, na mdiria hujulikana kwa mlio mkali anaporuka juu ya maji. Jua likipanda, ingia msitu wa miombo, uzunguke polepole vichuguu vikubwa, ambavyo vingine hufikia mita nane. Miti inayoota juu yake ni tofauti na ya pembeni, nayo huvuta chozi na hondohondo.

Beba maji ya kunywa kutoka mjini. Usioge wala usitembee majini peku, kwa sababu ya kichocho na mamba, na usielekeze kamera kwenye bwawa, mitambo ya umeme wala migodi. Wakati wa kurudi, ondoka mapema, kwa sababu malori ya madini hujaa katika barabara ya Likasi na giza huongeza hatari ya kuyapita.